Acheni kuzima ulinzi wa Git kwa sababu ya proksi!

Jamani, kuna dawa moja inayopitishwa mkono kwa mkono na sisi waandishi wa programu, na dawa yenyewe ni sumu. Mtu akishindwa kuvuta msimbo kwa Git akiwa nyuma ya proksi ya ofisi au ya chuo, mwenzake humpa amri hii:

git config --global http.sslVerify false

Anaibandika, mambo yanakubali, kila mtu anarudi kazini akifurahi. Mimi nasema hilo si suluhisho. Ni kung'oa mlango kwa sababu ufunguo umekwama.

Tuelewane kwanza. Proksi ni seva inayokaa kati ya tarakilishi yako na intaneti. Baadhi ya proksi hufungua hata mawasiliano ya https, huyakagua, kisha huyafunga upya kwa cheti chao wenyewe. Git haikitambui cheti hicho, kwa hivyo inakataa. Na iko sawa kabisa, maana kweli kuna mtu katikati! Ukizima uhakiki, hujaiambia Git imwamini msimamizi wa mtandao wenu. Umeiambia imwamini yeyote yule. Tena neno --global maana yake ni miradi yote kwenye akaunti yako: leo ofisini, kesho kwenye Wi-Fi ya mkahawa. Hapo mjanja anaweza kunasa tokeni yako au kukupa msimbo uliochezewa, nawe ukawapelekea wateja. Mchuma janga hula na wa kwao.

Someni kosa lenyewe, ndugu zangu. Kila kosa lina tiba yake:

- Git haipati anwani ya seva, ilhali kivinjari kinafungua kurasa vizuri: huenda haijaambiwa proksi iko wapi. Tumia git config --global http.proxy ukitaja anwani na poti (Squid kwa kawaida hutumia 3128).

- Kosa 407: proksi inataka ujitambulishe. Weka jina lako tu kwenye anwani ya proksi. Git itakuuliza neno siri. Ukiliandika humo, litakaa wazi ndani ya faili la .gitconfig.

- SSH inakwama hadi muda unaisha: yamkini poti 22 imefungwa, na http.proxy haihusiki na SSH hata kidogo. GitHub inapokea SSH kupitia ssh.github.com, poti 443.

- Cheti hakitambuliki: muulize msimamizi kama ni cha proksi yake. Kama ndicho, akupe cheti cha mamlaka yao, ukiongeze kwenye nakala ya faili la vyeti vya kawaida, kisha uionyeshe Git faili hilo kwa http.sslCAInfo. Akisema si chake, shukuru Mungu kwamba Git ilikataa.

Najua mtaniambia: "Mteja anangoja, sina wakati wa kuandikia watu barua pepe." Barua pepe moja na msimbo ulioibwa, kipi kinakula wakati zaidi?

Nanyi wasimamizi wa mitandao, msidhani mmesalimika. Mkiamua kufungua mawasiliano ya watu, basi wapeni cheti na maelezo siku ya kwanza kazini. Mkinyamaza, ni ninyi mnaowafundisha watu kuzima ulinzi. Waliotumia Subversion wanalijua jambo hili tangu zamani: proksi ilikataa maombi ya PROPFIND na REPORT kwa kuwa tu haikuyajua, na aliyeonekana hajui kazi ni mwandishi wa programu.

Sasa fungua tarakilishi yako uangalie:

git config --show-origin --get-all http.sslVerify

Ukiona false kwenye .gitconfig yako, iondoe leo hii:

git config --global --unset-all http.sslVerify

Kosa likirudi, vizuri. Sasa lisome.