Dubu wa Angani Si wa Kila Mtu

“Dunia nzima huona dubu.” Haya ndiyo madai yanayotajwa zaidi kuhusu zile nyota saba za kaskazini, na ndiyo mepesi kuyavunja. Wachina huziita Beidou, upawa wa kaskazini. Wahindi huona Saptarishi, wahenga saba. Waholanzi huona sufuria yenye mpini, Waingereza plau, Wajerumani gari la kukokotwa. Homer mwenyewe, mshairi wa Wagiriki wa kale, anasema Dubu huyo huitwa pia Gari, na Wababiloni walikuwa na gari lao kabla yake.

“Waarabu nao walikuwa na dubu wao, ndiyo maana kuna nyota ya Dubhe.” Jina ni la Kiarabu kweli, lakini mnyama aliingia kwa njia ya vitabu, kitabu cha Ptolemy, mwanafalaki wa Kigiriki, kilipotafsiriwa Baghdad katika karne ya 9. Waarabu wa jangwani walikuwa na Banat Naash: nyota nne ni jeneza, tatu ni mabinti wanaolifuata. Alkaid, nyota ya mwisho mkiani, ni kiongozi wa mabinti hao. Mwanafalaki Al-Sufi aliyaandika yote mawili, ya Wagiriki na ya Waarabu, mwaka 964, wala hakuyachanganya.

“Wenyeji wa Amerika walifundishwa dubu na Wazungu.” Basi wasemao hivyo wamtazame dubu wa Wamikmaki wa mashariki mwa Kanada, aitwaye Muin. Mwili wake ni nyota nne tu. Zile tatu ambazo Ptolemy alizifanya mkia ni wawindaji, na nyuma yao wamo wengine wanne, wote ndege. Majira ya kuchipua dubu hutoka pangoni, nao humfukuza kiangazi kizima. Ikifika vuli, wa nyuma huzama chini ya upeo wa macho, yaani wamekata tamaa. Mmoja wa mbele humpiga mshale. Damu humrukia mwindaji huyo kifuani, nyingine huyatia majani wekundu. Mwanafunzi wa Mgiriki angerithi ule mkia mrefu, ambao dubu wa msituni hana. Wapo watafiti wanaosema hadithi hii ilivuka kutoka Asia maelfu ya miaka iliyopita. Hoja hiyo inajadilika. Ya kufundishwa na Wazungu haina miguu.

“Aktiki imeitwa hivyo kwa ajili ya dubu weupe.” La. Wagiriki walimaanisha nchi iliyo chini ya Dubu wa angani. Hao weupe ni sadfa tu.

“Huku kwetu hazionekani.” Mwanzoni mwa Mei, saa tatu usiku, mawingu ya masika yakiruhusu, tazama kaskazini ukiwa Dar es Salaam au Mombasa. Zipo, chini chini, upawa umefudikizwa. Homer aliimba kwamba nyota hizi haziogi kamwe baharini. Kwa mtazamaji wa Dar es Salaam zote saba huzama kila siku.