Eti "utamaduni tajiri"!

Jamani, nimechoka na haya maneno "utamaduni tajiri". Vipeperushi vya utalii vya Tairawhiti, mashariki kabisa ya New Zealand, vimeyapachika katikati ya jua na ufukwe: njoo uote jua, unywe mvinyo, uonje utamaduni tajiri wa Wamaori. Uonje! Kwani watu ni pilau?

Pwani ile nimeizunguka kwa gari, barabara namba 35, kutoka Opotiki mpaka Gisborne. Uzuri wake sibishi. Jua linawahi kweli, na zaidi ya nusu ya wakazi ni Wamaori. Ninachobisha ni huu mtindo wa kumpa mgeni ngoma na vinyago halafu kumfichia habari ya ardhi.

Tuanze na majina. Oktoba 1769 Kapteni Cook alitia nanga hapo Gisborne. Siku ya kwanza tu watu wake wakampiga risasi Te Maro, akafa. Ndani ya siku chache waliouawa wakafika tisa. Cook akaondoka bila chakula alichokitaka, akaiita sehemu ile Ghuba ya Umaskini. Unaua watu kwao, halafu unawaita maskini! Ilichukua karibu miaka 250 jina la wenyewe, Turanganui-a-Kiwa, kurudi rasmi kwenye ramani, tena limebandikwa pembeni ya lile la Cook. Mwaka 2019 balozi wa Uingereza alikwenda kusema nchi yake inasikitika. Kuomba radhi? Hapana, "inasikitika" tu. (Kabla hujacheka, ziwa letu pale Mwanza bado lina jina la malkia wa Uingereza aliyekufa 1901.)

Halafu kuna nyumba. Te Hau ki Turanga ni nyumba ya mikutano iliyochongwa miaka ya 1840 chini ya fundi Raharuhi Rukupo, wa kabila la Rongowhakaata. Mwaka 1867 serikali iliing'oa na kuipeleka Wellington. Rukupo akaandika malalamiko bungeni mwaka huohuo. Wapi! Vizazi na vizazi vya wageni vimeitazama makumbusho, vikashangaa "utajiri" huo, na sheria ya kuwarudishia wenyewe umiliki ikapita mwaka 2012. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi.

Najua utaniambia watalii wanaleta hela. Ni kweli, na wako Wamaori wanaoendesha biashara zao wenyewe za utalii, mpe hela huyo. Lakini hela ya mgeni haitoshi kununua kimya. Pale Tikitiki kuna kanisa dogo la mbao la mwaka 1926. Kwa nje unaweza kulipita. Ndani kuta zote ni nakshi na michongo, kazi iliyosimamiwa na Apirana Ngata kuwakumbuka vijana wa Ngati Porou waliokufa Vita Kuu ya Kwanza. Sasa hapo unaonja nini? Watu walikuwa wanalia watoto wao.

Na kama historia inakuchosha, tazama mchanga. Walowezi walifyeka misitu ya milimani wapate malisho ya kondoo. Kimbunga Bola mwaka 1988 kikaporomosha milima, serikali ikahimiza misonobari, mashamba mengi yakaishia mikononi mwa makampuni ya nje. Wakivuna, mabaki ya magogo wanayaacha mlimani. Mvua kubwa za Juni 2018 ziliyashusha mpaka Tolaga Bay, na Kimbunga Gabrielle Februari 2023 kikarudia, kikavunja madaraja na kufunika fukwe zilezile za kwenye vipeperushi. Mto ukijaa magogo, marae inaingia tope, makaburi nayo, na shamba la viazi vitamu limekwisha. Huo utamaduni unaousifia utakaa wapi?

Mnaonitumia ujumbe mkitaka picha za haka, sina. Ninayo moja ya gogo la msonobari, refu kuliko gari nililokodi, limelala kwenye ufukwe wa Tolaga Bay. Jua lilikuwa kali kweli siku hiyo.