Uchovu wa Dawa si Uvivu

Kiswahili kina maneno mengi ya kumlaumu mtu anayelala mchana: mvivu, mzembe, mlegevu, mtepetevu, goigoi. Katika baraza za Mji wa Kale wa Mombasa, toka Kibokoni hadi Ndia Kuu, maneno haya humwangukia kila anayesinzia, pasi na kuulizwa kilichomlaza. Makala haya yanadai kwamba wapo watu wasiostahili lawama hiyo, nao ni wale wanaotumia dawa za maradhi ya akili. Aidha, yanadai kwamba sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili tuna deni kwao.

Kwanza hatuna budi kufahamu chanzo. Klopromazini, dawa iliyofungua ukurasa mpya katika tiba ya wazimu, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili huko Paris mwaka 1952. Ilitokana na ukoo mmoja na vidonge vya mzio na mafua. Na aliyewahi kumeza Piriton anajua jinsi macho yanavyozidiwa. Ubongo hutumia kemikali iitwayo histamini ili kutuweka macho. Dawa kadhaa za akili, zikiwemo olanzapini na amitriptilini, huizuia kemikali hiyo isifanye kazi yake. Kwa hiyo usingizi huo hautoki katika tabia ya mtu. Umo katika utendaji wa dawa yenyewe.

Mimi mwenyewe natumia dawa ya aina hii kwa mwaka wa tatu sasa. Imenirudishia utulivu wa kusoma, nami naishukuru. Hata hivyo, zipo asubuhi ambazo hunilazimu kuurudia ubeti mmoja mara tano kabla haujakaa akilini. Mwanafunzi ana nafuu, kwani kitabu kitamngoja. Mama auzaye mahamri sharti akande unga kabla ya alfajiri. Hamali wa Marikiti hulipwa kwa mzigo alioufikisha. Dereva wa tuktuk akisinzia, roho za watu zimo hatarini. Watu kama hawa ndio hushawishika kuiacha dawa ghafla, na maradhi yakarejea. Wengine huona afadhali watafune miraa au muguka ili wachangamke, ilhali kichangamshi kilichomo huweza kuyachochea maradhi yaleyale yanayotibiwa.

Njia iliyo salama ni kusema. Aghalabu usingizi huwa mzito majuma ya mwanzo, kisha hupungua. Usipopungua, daktari aweza kuisogeza dawa iwe ya usiku, kupunguza kipimo, au kuibadilisha. Aweza pia kuagiza damu ipimwe, maana si kila uchovu ni wa dawa: sonona yenyewe huchosha, upungufu wa damu huchosha, na lithiamu huweza kuidhoofisha tezi ya shingoni. Mwezi wa Ramadhani, Mji wa Kale unapokesha hadi daku, saa za dawa hubadilika. Yafaa mgonjwa azipange na daktari kabla mwezi haujaandama, akikumbuka kwamba sharia imempa mgonjwa ruhusa ya kula.

Lakini mtu atasemaje bila msamiati? Hapa ndipo deni letu lilipo. Katika kliniki za Tanzania, hasa za uzazi wa mpango, athari za dawa huitwa "maudhi madogomadogo". Istilahi hii ni ya upole, ila humkatia mgonjwa hukumu kabla hajafungua kinywa, kwamba maudhi yake ni madogo. Kwa hamali si madogo hata kidogo. Napendekeza tuseme "uchovu wa dawa", ili mtu aweze kuutaja mbele ya daktari, mwajiri na mamaye bila haya.

Fasihi nayo ina sehemu yake. Kezilahabi, katika Kichwamaji (1974), alituonyesha Kazimoto anayeteswa na fikra hadi akajiua. Nani atatuandikia mhusika anayeendelea kuishi, anayemeza kidonge chake kila usiku, akachelewa kazini, na bado akabaki mtu mwenye heshima zake?

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wana-Kiswahili wenzangu, kabla neno "mvivu" halijatutoka kinywani, tumwulize mtu hali yake, kisha tumpe nafasi ya kujibu.