Istilahi za Mfarishi: Nani Ampe Fundi wa Silanga Maneno?

Mjadala kuhusu istilahi za Kiswahili umekuwa, kwa muda mrefu, mjadala wa ofisi na kumbi za mihadhara. Wataalamu wameshughulikia sheria, tiba na tarakilishi, na kazi yao inastahili pongezi. Hata hivyo, zipo fani ambazo ni nadra kuitiwa warsha, ilhali zinawalisha watu wengi. Mojawapo ni ushonaji wa mifarishi kwa cherehani.

Silanga ni kijiji kimojawapo cha Kibera, jijini Nairobi, kando ya Bwawa la Nairobi. Fundi wa mtaa kama huo hushona sare za shule na mapazia, na hupunguza nguo za mitumba zinazonunuliwa katika soko la Toi. Vipande vinavyobaki ni mali ghafi tosha ya mfarishi. Kikwazo ni kwamba, pindi anapotaka kujifunza kazi hiyo au kupokea oda ya mteja wa mbali, hukutana na majina ya mitindo yaliyo katika Kiingereza pekee. Aghalabu huyakariri bila kuyaelewa.

Athari yake ni ya mfukoni. Mfarishi una tabaka tatu: uso, ujazo wa pamba au sufi, na bitana. Mshono unaopita juu ya tabaka zote ndio unaouzuia ujazo usihame, na mtindo wa mshono huo ndio unaoamua muda, uzi na bei. Upo mtindo unaorudia mchoro mmoja kutoka ukingo hadi ukingo bila kujali viungo vya vipande. Huu ni wa haraka, na bei yake ni nafuu. Upo mwingine unaokipa kila kipande mchoro wake. Huu hula siku nyingi. Fundi asiyetofautisha mitindo hiyo atakubali malipo ya wa kwanza kisha adaiwe kazi ya wa pili. Hapo ukosefu wa istilahi hugeuka kuwa hasara.

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kubeba fani hii. Dai hilo halina mashiko. Kwanza, neno mfarishi lenyewe ni la kale, ingawa duka la leo limelisukuma kando kwa kuingiza duveti. Pili, lugha hii ina darizi na tarizi kwa mshono wa mapambo, bandi kwa mshono wa kushikiza wa muda, bitana kwa kitambaa cha ndani, na hanamu kwa mstari wa mshazari. Tatu, mafundi wa pwani waliitaja kanzu kiungo kwa kiungo: badani, taharizi, kikwapa. Watumiaji wa kanga nao walitenga pindo, mji na jina. Lugha iliyokwisha kulipa jina kwapa la kanzu haiwezi kushindwa na mgongo wa mfarishi.

Aidha, majina ya Kiingereza yanayoogopwa si ya kisayansi hata kidogo. Ni maneno ya nyumbani na shambani: manyoya ya ndege, kokoto, mtaro, mwangwi. Hata neno linalotumiwa kwa mshono unaopindapinda limetokana na jina la mto ulioko Uturuki, mto uliosifika kwa kona zake. Waliobuni majina hayo walitazama mazingira yao tu. Mkazi wa Silanga ana haki ileile. Mshono unaofichwa ndani ya kiungo cha vipande viwili na uitwe mshono wa mtaroni. Hakuna mwana-Kibera atakayeuliza mtaro ni nini. Mistari inayolizunguka umbo tena na tena, kila mmoja nje ya mwenziwe, na iitwe mshono wa mwangwi. Mistari ya mshazari inayokatana na iitwe miraba ya hanamu. Mshono unaozurura bila kujikata na uitwe mshono wa kutangatanga. Na iwapo mafundi watapenda kuuita Motoine, kwa jina la mto unaoingia katika bwawa lao, nani atawazuia?

Ni kweli kwamba oda za ng'ambo zitaendelea kuja kwa Kiingereza, na fundi hana budi kuyajua majina hayo pia. Wala kukopa si dhambi: cherehani ina asili ya Kiajemi na bitana ya Kiarabu, na leo hakuna anayeyaona kuwa maneno ya kigeni. Lakini mtu hulielewa jina la kigeni vyema zaidi akiwa na dhana yake katika lugha anayoifikiria. Fundi anayeijua tofauti kwa Kiswahili atalijifunza jina la Kiingereza kwa siku moja. Asiyeijua atalikariri mwaka mzima.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hadhi hiyo haitakuwa na maana iwapo itaishia bungeni na katika mitihani. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vina wanafunzi, vina kalamu na vina likizo ndefu. Wanafunzi hao na waende Silanga wakaketi kando ya cherehani, wasikilize mafundi wanasemaje wanaposhusha meno ya cherehani na kuongoza kitambaa kwa mikono, kisha waandike wanachosikia kabla ya kupendekeza chochote. Ikiwa fundi ana neno lake, hilo ndilo litangulie. Pale asipokuwa nalo, ndipo msomi aketi naye watafute pamoja. Istilahi isiyopita kinywani mwa mtendakazi hubaki kamusini, na mfarishi haushonwi kamusini.