Faiba imeishia getini

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 19, 2025, hapa Kigongo pamepoa. Kwa madereva ni raha tupu. Basi la Geita linavuka kilomita 3 za maji kwa dakika chache, na hakuna mwenye akili timamu atakayeililia foleni ya kivuko. Ila foleni ile ndiyo ilikuwa soko letu jamani. Samaki wa kukaanga, mahindi, maji ya chupa, vocha, vyote viliuzwa kwa watu waliokuwa wanasubiri. Sasa hakuna anayesubiri, na vijana waliokula kwa foleni ile wanatazama magari yakipita juu.

Mimi sikuuza samaki. Navuta nyaya za mtandao kwenye majengo, kuanzia huku kwetu mpaka Usagara na Buhongwa, na wiki zenye neema nafika mjini Mwanza. Ndiyo maana leo naomba niandike kitu ambacho hatukijadili sana hapa. Kila siku tunalia bei ya bando, na ni haki yetu kulia. Lakini nani kati yetu amewahi kuuliza faiba ikifika kwenye shule au kituo cha afya inakwenda wapi?

Nitawaambia inakwenda wapi. Mwaka jana niliitwa kwenye jengo moja la umma, silitaji, kuangalia "kwa nini intaneti ni ndogo". Nikaikuta faiba nje. Imeshushwa kutoka kwenye nguzo, imepigwa kibanio pembeni ya dirisha la mhasibu, imezungushwa mizunguko kama kumi na kufungwa kwa plastiki, kama kamba ya mbuzi aliyeuzwa. Haijaunganishwa na chochote. Ndani watumishi wanatumia bando la simu zao kutuma taarifa za serikali, kwa hela yao. Nikauliza ipo pale tangu lini. Nikaambiwa tangu mwaka juzi, walipokuja watu wakapiga picha wakaondoka.

Kwenye ripoti ya mtu fulani, jengo lile limeunganishwa.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Mkongo wa Taifa ulianza kujengwa 2009, mwaka uleule nyaya za SEACOM zilipofika Dar es Salaam kutoka baharini. Mwanza tumekuwa nao kwa zaidi ya miaka kumi. Tangu hapo hotuba ni kilomita, kilomita, kilomita. Wilaya ngapi zimefikiwa, mkongo una urefu gani. Mwaka 2021 Benki ya Dunia ikapitisha mkopo wa dola milioni 150 kwa mradi wa Tanzania ya Kidijitali, na mkopo, tusisahau, tutaulipa sisi na watoto wetu. Sipingi kilomita. Ila muuguzi hatumii kilomita. Anatumia ile mita 30 ya mwisho, kutoka getini mpaka kwenye meza yake, na hiyo haikatiwi utepe.

Wapo watakaosema, "Fundi, siku hizi ni waifai tu, nyaya za nini?" Waifai haitoki hewani. Nyuma ya kila kifaa cha waifai lazima pawe na waya unaokilisha, na ukiweka ruta moja ofisini ukategemea ilishe madarasa sita yenye kuta za tofali na wanafunzi mia mbili, umejidanganya.

Wengine watasema tuvute waya wa shaba, ule wa kawaida. Sawa, kutoka kwenye swichi mpaka kwenye kompyuta shaba inatosha kabisa, na anayekuuzia faiba mpaka kwenye kila meza anataka hela yako tu. Tatizo ni kati ya jengo na jengo. Waya wa shaba wa mtandao mwisho wake ni mita 100. Shule zetu si ghorofa, zimetawanyika. Ofisi ya mwalimu mkuu iko hapa, maabara iko kule kwenye miamba. Nimekuta mahali wamekata njia katikati, wakatundika swichi chini ya paa la choo ili waya ufike. Nyigu walikuwa wamejenga ndani yake. Faiba ingekwenda moja kwa moja bila kituo, hata ingekuwa kilomita nzima.

Halafu kuna radi. Watu wa Kanda ya Ziwa sihitaji kuwaeleza. Ziwa letu ni moja ya sehemu za dunia zinazopigwa na radi kupita kiasi, na Oktoba 2018 radi iliua wanafunzi shuleni pale Geita, ng'ambo yetu tu. Ukivuta shaba kutoka jengo moja hadi jingine umetengeneza barabara ya umeme. Radi ikipiga karibu na jengo la kwanza, kompyuta za jengo la pili nazo zinaungua. Nimeshafungua swichi zilizonuka moshi na mashine ambazo hazikumaliza hata msimu mmoja wa mvua, zote zikiwa zimenunuliwa kwa kodi zetu. Faiba ni kioo. Uzi wenyewe ni mwembamba kama unywele, unabeba mwanga, na umeme haupiti kwenye kioo.

Mafundi wenzangu, hapa niongeze jambo moja maana nimeona likikosewa. Faiba ya kutundika kwenye nguzo huja na waya wa chuma pembeni wa kuibeba. Chuma kile kiishie nje, kikatwe na kufungwa kwenye ardhi. Ukikiingiza mpaka chumba cha seva umemkaribisha mgeni uleule uliyekuwa unamkimbia. Na msikunje faiba kwenye kona ya ukuta kama mnakunja waya wa taa. Mwanga unavujia pale kwenye kona, halafu mteja anaambiwa mtandao una shida.

Sasa siasa iko wapi? Iko kwenye makadirio ya ujenzi. Ramani za majengo ya umma nilizoshika mimi zina marumaru, zina madirisha ya alumini, zina feni, zina hata mahali pa bendera. Nyaya za mtandao hazimo, au zimeandikwa mstari mmoja: "ruta, 1". Kupitisha paipu tupu ukutani wakati tofali zinapangwa ni gharama ndogo sana. Kurudi baada ya miaka miwili kutoboa plasta, kuvunja marumaru na kupaka rangi upya ni gharama ya kweli, na mara nyingi ndiyo inayofanya kazi isifanyike kabisa. Kwa hiyo faiba inabaki getini si kwa sababu nchi ni maskini. Inabaki kwa sababu aliyechora hakuulizwa, na diwani aliyepitisha bajeti hakuuliza.

Na tusijitoe. Mwaka 2010 upinzani ulichukua Nyamagana na Ilemela, miaka ileile mkongo ulipokuwa unasambazwa. Sikumbuki tukiligeuza jambo hili kuwa hoja. Tulikuwa tunapigania vitu vikubwa zaidi, nitaambiwa. Labda. Ila paipu ya ukutani ingekuwa imo ukutani hadi leo.

Kuna swali nimeulizwa na kijana mmoja wa tawi letu, na sitaki kulikwepa. Oktoba 29, 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima siku ya uchaguzi, ikakaa siku kadhaa gizani. Faiba ndani ya jengo ingesaidia nini? Kwa mawasiliano ya nje, hakuna. Anayeshika swichi kubwa akiamua kuzima, faiba yako nzuri itawaka taa nyekundu kama ya mwenzako mwenye bando. Hilo dawa yake ni nyingine na tunaijua. Lakini mtandao wa ndani ya jengo hauhitaji intaneti ili uishi. Kituo cha afya chenye seva yake na nyaya zake kinaendelea kumsajili mgonjwa mapokezi, daktari anaona majibu ya maabara, dirisha la dawa linasoma kilichoandikwa. Kituo kinachoishi kwa bando la muuguzi, siku ile kilirudi kwenye daftari. Kuzimwa kwa mtandao kunamuumiza zaidi aliyenyimwa hata nyaya za ndani.

Narudi kwa vijana wa foleni ya kivuko. Kazi hii haihitaji digrii. Inahitaji mafunzo ya miezi, mkono usiotetemeka, na mashine ya kuchomelea faiba ambayo kijana mmoja hawezi kuinunua lakini kikundi cha watano kinaweza. Halmashauri kisheria inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, 4 kati ya hizo ni za vijana. Sheria ya ununuzi nayo inatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, vijana tukiwemo. Kwa nini mikopo yote iende kwenye bodaboda na kuku? Bodaboda zimejaa kijiweni hapa mpaka zinagombania abiria mmoja. Majengo ya umma yasiyo na nyaya yapo kuanzia Misungwi mpaka Sengerema, na mengine yanajengwa sasa hivi tukiwa tunasoma hapa.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa uitishwe kila miezi mitatu, na si wa wazee peke yao. Ujao nitakwenda, na kuna wenzangu wanne tumekubaliana kwenda pamoja. Tutaomba tuoneshwe ramani na makadirio ya jengo lolote la umma linalojengwa hapa kabla kuta hazijapigwa plasta. Nitabeba kipande cha faiba na ile tochi yetu yenye mwanga mwekundu tunayopimia, nimuoneshe mwenyekiti mwanga ukiingia huku na kutokea kule. Kisha nitamuuliza utapita wapi kwenye ukuta wake.