Kuku wa Nusu Peni

Wapo wanaosimulia Wynnere and Wastoure, shairi la Kiingereza la karne ya 14, na kulifunga kwa nasaha tamu: usiwe bahili, usiwe mbadhirifu, shika katikati. Mimi nakataa. Hiyo nasaha inatulaza tu.

Mshairi, ambaye jina lake halijulikani, anaota majeshi mawili yakijipanga kupigana. Mfalme anayazuia, kisha Mchumaji na Mfujaji wanabishana mbele yake. Mchumaji analalamika: mwenzake ameacha mashamba yalale, ameuza zana za kulimia, amekata miti iliyopandwa na wazee. Mfujaji anamrudishia: na wewe je? Nyama ya nguruwe imening'inia kwako hadi boriti zinapinda, maskini hapati kitu. Mimi nikiandaa karamu, maskini anakula.

Hapo ni rahisi kumpigia Mfujaji makofi. Ati mkarimu! Ngoja kwanza. Mbele kidogo ulimi unamponyoka. Anasema ndege, wanyama wa mwituni na samaki wakiachwa bila kuliwa, kuku atashuka hadi nusu peni, na nchini hapatapatikana kijana wa kumtumikia bwana. Umeisikia hiyo? Jamaa anaogopa shibe ya mtu mdogo. Karamu yake inataka njaa ibaki palepale, ndio wahudumu wasikosekane.

Na huo haukuwa mzaha wakati ule. Tauni iliingia Uingereza 1348, ikaua vibarua wengi, na waliobaki wakadai malipo zaidi. Mwaka wa 1351 bunge la Edward III likapitisha sheria ya kuwarudisha kwenye ujira wa kabla ya tauni. Wataalamu wengi wanaamini shairi hili lilitungwa miaka michache tu baada ya hapo.

Sasa tazama hukumu. Mfalme hamwadhibu yeyote. Mchumaji anapelekwa kwa Papa, Roma. Mfujaji anapelekwa Cheapside, London, akawavizie wenye pesa na kuwalisha hadi mifuko ikauke. Kwani achague ya nini, na wote wawili wanamfaa? Kisha nakala pekee iliyobaki inakatika.

Katika ubishi huo wote, yule kijana wa kutumikia hapewi hata zamu moja ya kusema. Kwa hivyo ukiambiwa uchague kati ya mchoyo na mkarimu, usikimbilie kujibu. Uliza kwanza: huyo nguruwe alifugwa na nani, na alilipwa ngapi?