Dhahabu Mnaipima, Hedifoni Mnanunua kwa Macho!

Soko la dhahabu la Geita, lile lililofunguliwa 2019, lina adabu moja: hakuna anayetoa hela kwa kuangalia mng'ao. Mzigo unawekwa kwenye mizani, unapimwa ubora, ndipo bei inaongelewa. Ukileta janja janja unaondoka na jiwe lako.

Sasa kioja. Kijana huyo huyo akitoka sokoni na chake mfukoni, anavuka barabara, anaona hedifoni nyekundu inawaka taa kwenye meza ya muuzaji, anatoa Sh 40,000 bila hata kuivaa. Ukimuuliza kwa nini, jibu ni moja: "Kaka, staa fulani anazo hizi."

Na hapo ndipo ugonjwa ulipo.

Kila mtu mtandaoni anamjua aina ile ya staa, majina kapuni. Leo anapost hedifoni za "OG", kesho anapost sabuni ya kung'arisha uso. Maelezo hayabadiliki: beisi ya kufa mtu, mzigo umebaki mchache, wahi. Mashabiki wa Kahama, Katoro na Shinyanga mjini wanatuma hela, parseli inapanda basi, na ikifunguliwa ndani kuna plastiki yenye nembo ya Beats na sauti ya debe. Staa mwenyewe akiingia studio kurekodi, kichwani kavaa kitu kingine kabisa.

Namba haziongopi. Beats Studio Pro ilipotoka 2023 iliuzwa karibu dola 350, zaidi ya laki nane za Kitanzania. Kwa hiyo hiyo "OG" ya Sh 40,000 haipo duniani. Siyo ofa, siyo bahati, ni feki. Tanzania ina Sheria ya Alama za Bidhaa tangu 1963, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayowasaka wauza bandia. Lakini FCC haiwezi kukaa kwenye DM ya kila shabiki anayelia kupigwa.

Watetezi wa mastaa wana hoja yao: "Mwacheni mtoto wa kitaa naye apendeze, siyo kila mtu ana laki nane." Sawa kabisa! Hakuna aliyesema watu wa hela ndogo wasisikilize muziki. Ila mwenye hela ndogo ndiye asiyetakiwa kupoteza hata mia. Kwa Sh 25,000 au 30,000 zipo hedifoni na iafoni zinazouzwa kwa jina lake zenyewe. Oraimo, kwa mfano, ni ya familia moja na Tecno, Infinix na itel, simu ambazo nusu ya kitaa kinazo. Haijifanyi mtu mwingine, na ikizingua kuna wa kumuuliza. Ya feki ikifa, muuzaji anakublock.

Uongo wa pili uko kwenye boksi. "Extra Bass", "Super Bass", "Mega Bass": hayo ni maneno ya rangi, hakuna mizani iliyoyapima. Ile "20Hz–20,000Hz" inayowatisha watu ni kipimo cha kile sikio la binadamu linaweza kusikia, na karibu kila boksi limeandikwa hivyo. Hata spika kubwa ya ndani, 40mm au 50mm, peke yake haileti mdundo.

Kinacholeta beisi ni kuziba. Hewa ikivuja kati ya hedifoni na sikio, beisi ndiyo ya kwanza kutoroka, zinabaki kelele za juu. Ndiyo maana iafoni huja na vimpira vya saizi tatu, ambavyo watu huvitupa pamoja na boksi halafu wanalalamika. Badilisha kimpira kwanza, tukana baadaye.

Kwa hiyo hedifoni ipimwe kama dhahabu. Tumia simu yako, siyo ya muuzaji, maana yake imeshapandishwa beisi kwenye ikwalaiza. Ya kwako izime ikwalaiza kabisa. Piga wimbo unaoujua kwa moyo, amapiano au Singeli, sauti ikiwa nusu. Mdundo ugonge na maneno yasikike. Ukisikia tu zogo linalofunika sauti ya mwimbaji, hiyo siyo beisi, ni fujo. Kisha zikandamize masikioni kwa viganja. Beisi ikipanda ghafla, ujue hazikuwa zinaziba, weka chini. Kama ni ya waya, chezesha waya pale kwenye pini, ikikatakata, aga. Muuzaji anayekataa hedifoni kujaribiwa ameshajibu swali lako.

Na hili siyo la fasheni tu. Kule Nyarugusu na Rwamgasa kuna vijana wanaoshinda pembeni ya karasha likisaga mawe, na wengi wanavaa iafoni ili wasisikie ile kelele. Iafoni mbovu haizibi, kwa hiyo anapandisha sauti mpaka mwisho ili ishinde mashine. Masikio yanapigwa ngumi mbili kwa mpigo. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema sauti ya desibeli 80 mwisho wake ni saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, saa nne tu. Ikifika 100, dakika 20 kwa wiki nzima! Wimbo mmoja wa amapiano unaweza kumaliza theluthi ya hizo dakika.

Kwenye karasha panahitajika kinga ya masikio, siyo muziki. Muziki ni baada ya kazi, kwa hedifoni inayoziba vizuri na kutoa mdundo ukiwa umeweka sauti nusu. Hiyo ndiyo maana ya beisi nzuri: ile isiyokulazimisha kupandisha. Simu inanunuliwa upya, hedifoni inanunuliwa upya. Sikio likifa, hakuna duka Kahama wala Kariakoo linalouza jingine, na staa aliyekuuzia hatajua hata jina lako.

Haya wadau, mliopigwa "OG" ya elfu arobaini mko wangapi? Uwanja ni wenu.